Wanaume na TB hapa Moshi: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya yametoka vijiweni, stendi, kwenye vilabu vya mbege, pombe yetu ya ndizi, na kwenye mabenchi ya zahanati za Moshi mjini na vitongoji vyake. Mengi yaliulizwa na wanaume kwa sauti ya chini, baada ya kikao kwisha na wenzao kutawanyika. Mengine yaliulizwa na wake zao, kwa sauti ya juu.

Kwa nini mnatuandama wanaume? Kifua kikuu si ugonjwa wa kila mtu?

Ni wa kila mtu, ila haugawanyiki sawasawa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua TB duniani. Kati yao, wanaume watu wazima walikuwa kama milioni 6 na wanawake milioni 3.6, waliobaki ni watoto. Kwa majirani zetu Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016, uliowafuata watu kule wanakoishi badala ya kuwasubiri hospitalini, ulikuta TB kwa wanaume ni zaidi ya mara mbili ya ile ya wanawake.

Kuugua zaidi kuna sababu zake: sigara, pombe, kazi za vumbi, mahabusu, kulala wengi chumba kimoja machimboni au kambini. Linalotuumiza kichwa zaidi ni jambo la pili. Tafiti za aina hiyo katika nchi za kipato cha chini na cha kati zinaonyesha kwamba ukiwalinganisha wanaoumwa kweli na walioandikwa kwenye daftari la matibabu, pengo la wanaume ni kubwa kuliko la wanawake. Maana yake mwanaume anakaa na ugonjwa muda mrefu zaidi kabla hajajulikana, na miezi yote hiyo anakohoa akiwa nyumbani, kazini na kwenye daladala.

Basi si ni ubishi tu? Wanaume hatupendi hospitali.

Jibu hili linapendwa na kila mtu, wakiwemo wahudumu wa afya, kwa sababu halimdai mtu chochote. Wabishi wapo, hatukatai. Lakini hebu angalia ratiba ya zahanati ya kawaida. Mama anaanza kwenda akiwa mjamzito, anarudi kupima mtoto uzito, anarudi kwa chanjo, anarudi kwa uzazi wa mpango. Anamjua nesi kwa jina, na nesi anamjua. Akikohoa mbele yake, ataulizwa. Baba hana kliniki yake. Mara ya mwisho kuingia pale huenda alikuwa anashonwa kidole.

Halafu kuna suala la mkate. Zahanati hufunguliwa asubuhi, na asubuhi ndiyo saa ya abiria, ndiyo saa ya kupangiwa kibarua. Dereva wa bodaboda mwenye hesabu ya tajiri akikaa benchi mpaka saa saba mchana, hesabu ya siku hiyo ataitoa mfukoni. Watafiti waliozungumza na wanaume wa Blantyre, Malawi, walikuta jambo hilo hilo: mwanaume anayetegemewa na familia anaahirisha kwenda kupima kwa sababu kuugua rasmi ni sawa na kukubali kwamba ameshindwa kulisha nyumba. Tukimwita mbishi, hatujamtibu.

Nakohoa, lakini ni vumbi la kazini tu. Nitajuaje?

Hutajua kwa kujisikiliza. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni cha kupimwa makohozi, hata kama una sababu nzuri ya kukohoa. Kuna dalili nyingine za kuangalia: homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, mkanda unaohitaji tundu jipya, makohozi yenye damu. Usisubiri damu. Wengi wa wagonjwa hawaioni kabisa.

Na wewe unayefanya kazi kwenye vumbi la mawe, kwako kikohozi si kitu cha kuzoea. Wanaapolo, yaani wachimbaji wa madini wa Mererani, wanapumua vumbi lenye silika huko chini ya ardhi. Vumbi hilo huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibiwa na silika hushikwa na TB kirahisi zaidi. Magonjwa haya mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja kwa pamoja, na kwa nje yanafanana. Ukienda kupima, mwambie daktari kazi yako na miaka uliyoifanya. Asipouliza, jitajie mwenyewe.

Nimeshanunua dawa duka la dawa mara kadhaa. Kinatulia, kinarudi.

Huu ndio mzunguko tunaoukuta kwa wanaume wengi. Duka la dawa liko njiani, limefunguliwa usiku, na hakuna foleni. Unapewa dawa ya maji ya kikohozi, safari nyingine amoksilini, safari nyingine kitu kikali zaidi. Baadhi ya antibayotiki hizo huutuliza ugonjwa kidogo bila kuuponya, nawe unaamini umepona. Kikirudi, unadhani ni kikohozi kipya.

Kwa nyinyi wenye maduka: mteja anayerudi kwa kikohozi kile kile mpeni anwani ya kituo cha kupimia badala ya chupa ya tatu. Mnawaona wanaume wengi kuliko sisi.

Kupima kunakula siku nzima?

Kwenye kituo chenye mashine ya GeneXpert, kipimo chenyewe huchukua kama saa mbili, na huonyesha pia kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, dawa kubwa ya TB. Sampuli ikilazimika kusafirishwa kutoka zahanati ya pembeni, majibu huchelewa zaidi. Uliza kama wanaweza kukupigia simu.

Kinachopoteza muda mara nyingi ni sampuli mbovu. Mtu anapewa kikopo, anaona aibu kukohoa mbele za watu, anakimbilia chooni, anatema mate mawili na kurudisha. Maabara wanakirudisha: haya ni mate. Anaambiwa aje kesho, na kesho haji. Fanya hivi: toka nje penye hewa, mbali na watu. Sukutua kinywa kwa maji. Vuta pumzi ndefu, ishike kidogo, itoe, rudia. Kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua, mpaka kitoke kitu kizito. Kijiko kimoja kidogo kinatosha. Funga kifuniko vizuri kabla hujaondoka hapo. Makohozi ya asubuhi, kabla hujanywa chai, huwa mazuri zaidi; ndiyo maana wengine hupewa kikopo waende nacho nyumbani. Mke au ndugu anaweza kukipeleka kituoni wewe ukiwa barabarani. Wanaume wachache wanalijua hilo.

Ni kweli ni bure?

Vipimo vya makohozi na dawa za TB ni bure kwenye vituo vya serikali. Safari siyo bure. Nauli, siku iliyopotea, chakula cha kumrudishia mtu mwili, wakati mwingine picha ya eksirei: hivyo vinakula mfuko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa wa TB hutumia kwa ugonjwa huo zaidi ya asilimia 20 ya kipato cha mwaka. Mtu akikwambia "bure" halafu akakupangia kituo cha nauli mbili, mwombe akuandikie cha karibu. Kuhamishwa kituo ni jambo la kawaida.

Nikikutwa na TB, ina maana nina UKIMWI?

Hapana. Wagonjwa wengi wa TB nchini hawana VVU. Utashauriwa kupima VVU kwa sababu virusi hivyo huipa TB nafasi, na kama unavyo, tiba zote mbili zinakwenda pamoja. Tumeona wanaume wakikimbia kipimo cha makohozi kwa kuogopa hicho cha pili. Vipimo ni viwili, majibu ni mawili.

Tunakunywa mbege kwa kata moja. Nitaambukizwa?

Siyo kwa kata. TB haiambukizi kwa kuchangia chombo, kushikana mikono wala kula sahani moja, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea mtu kikombe nyumbani. Inasafiri kwa hewa: mwenye ugonjwa wa mapafu ambaye hajaanza dawa anakohoa, vimelea vinaelea, wewe unavuta. Tatizo la kilabu ni chumba chenyewe, kile chenye dirisha dogo lililozibwa na gunia kwa sababu ya baridi ya Julai, watu ishirini wakiwa ndani kuanzia saa kumi jioni. Mama mwenye kilabu anayehamishia mabenchi uani chini ya migomba amefanya kazi kubwa kuliko mabango yetu.

Nikiwa kwenye dawa, naruhusiwa kunywa?

Ushauri ni kuacha kwa miezi yote ya tiba. Dawa tatu kati ya nne za mwanzo hupita kwenye ini na zinaweza kuliumiza, na pombe huongeza hatari hiyo. Pombe pia huzidisha ganzi ya miguu inayoweza kuletwa na isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo. Ukihisi miguu inawaka, sema, kuna vitamini ya kusaidia.

Sasa tuzungumze kama watu wazima. Wapo watakaokunywa. Wanaume tuliowapoteza kwenye matibabu hawakupotea kwa sababu ya bia. Walipotea kwa sababu waliambiwa "ukinywa usimeze dawa", wakachagua. Kwa hiyo: ukiteleza Jumamosi, kidonge cha Jumapili kiko pale pale. Kimeze, na mwambie nesi ukweli. Macho yakiwa ya njano, ukitapika mfululizo au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Mkojo wa rangi ya chungwa peke yake usikutishe. Ni rifampisini, na itakuwa hivyo.

Dawa zinaua nguvu za kiume?

Hili huulizwa mwisho, mkono ukiwa umeshika kitasa cha mlango. Kinachomaliza nguvu ni ugonjwa wenyewe: homa, kukonda, kukosa usingizi, wasiwasi wa pesa. Mwili ukirudi, kwa kawaida na hilo hurudi. Lisiporudi, mwambie daktari, maana kisukari na pombe vinaweza kuwa chanzo, na kisukari ni jirani wa karibu wa TB.

Tiba ni ya muda gani, na nitarudi lini kazini?

Kwa TB ya kawaida ni miezi 6. Miezi 2 ya kwanza unameza vidonge vyenye dawa nne ndani yake, kila siku, idadi kulingana na uzito wako. Miezi 4 inayofuata zinabaki dawa mbili. Baada ya kama wiki mbili za kumeza sawasawa, uwezo wa kuambukiza wengine huwa umeshuka sana kwa TB isiyo sugu, na wengi huanza kujisikia vizuri. Kazini utarudi kwa neno la daktari na kwa kadiri ya nguvu zako. Mbeba mizigo wa soko la Mbuyuni na karani hawawezi kupewa tarehe moja.

Mimi ni mgumu, mbeba mizigo wa mlimani. Nitamezaje dawa nikiwa kambini?

Mbebaji wa mizigo akipanda Kilimanjaro anapotea siku tano mpaka nane. Dereva wa lori naye ana yake, na mwanaapolo vilevile. Zamani mgonjwa alitakiwa kwenda kumeza dawa mbele ya mhudumu, na wanaume wa kazi za kusafiri waliachia hapo. Tangu miaka ya 2000 Tanzania inamruhusu mgonjwa kuchagua: kumezea kituoni, au nyumbani akiwa na msimamizi anayemwamini. Msimamizi si lazima awe mke. Anaweza kuwa mpishi wa msafara, fundi mwenzako au konda wako.

Kabla ya safari, nenda na kadi yako ya matibabu, taja tarehe ya kuondoka na ya kurudi, upewe dawa za kutosha na za ziada kidogo kwa ajili ya kuchelewa. Ziweke kwenye mfuko wa plastiki ndani ya nguo, si kwenye mzigo wa mgeni. Ila miezi ya mwanzo mlima wenyewe usubiri. Mwili unaopigana na TB hauna cha kufanya mita elfu nne na mia tano juu, na hema moja lenye watu wengi waliofunga zipu kwa baridi ni mahali pabaya pa kukohoa.

Bosi akijua atanifukuza?

Kama una ajira rasmi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Unahitaji cheti cha daktari. Kwa vibarua, madereva wa hesabu na walinzi wasio na mkataba, sheria hiyo haifiki wanapoumia, na hatuna jibu zuri la kuwapa. Kinachofanya kazi mara nyingi ni mwenyekiti wa kijiwe kuzungumza na tajiri, pikipiki ikaendeshwa na mwenzake kwa muda na nafasi ikatunzwa.

Mume wangu hataki kwenda. Nifanyeje?

Dada, usimwambie mbele ya watoto wala mbele ya mama mkwe. Na usianze na kifo. Wanawake waliofanikiwa wanatuambia njia za aina mbili. Wengine walileta kikopo nyumbani, wakamwekea pembeni ya mswaki bila maneno. Wengine walimtumia mtu: shemeji, rafiki wa kijiweni aliyewahi kuugua, mzee wa ukoo anayeheshimika. Rafiki aliyepona ana uzito kuliko sisi wote, kwa sababu anasimama pale na mwili wake umerudi. Wewe na watoto mkapime hata yeye akigoma. Mara nyingi hiyo ndiyo inayomwamsha.

Mimi ni mwenyekiti wa kijiwe. Kuna kazi ninayoweza kufanya?

Ipo. Muulize mratibu wa kifua kikuu wa wilaya lini anaweza kuleta watu wa kuchukua makohozi kwenu, na umpe saa ambayo vijana wapo: mchana wa jua kali abiria wakipungua, au baada ya magharibi. Msipange Ijumaa mchana wala siku ya soko. Toa jina lako kwanza, kohoa kwanza. Vijana wakiona mwenyekiti ameshika kikopo, utani utakuwepo lakini foleni itajipanga.

Usisome majibu ya mtu hadharani, hata kama ni mazuri.

Sisi ni wahudumu wa afya. Tubadilishe nini?

Saa, kwanza. Jioni moja kwa wiki au Jumamosi asubuhi inaleta wanaume ambao Jumanne saa tatu haitawaleta kamwe. Tunajua watumishi ni wachache. Basi iwe kwa zamu, na iandikwe mlangoni isibadilike.

Pili, mahali pa kukaa. Wanaume wengi hugeuza baiskeli getini wakiona benchi limejaa akina mama na watoto. Mwenye kikohozi kirefu apewe barakoa, apelekwe nje kwenye kivuli na asikae foleni ya wote. Hapo umekinga watoto na umemfupishia baba kazi.

Tatu, mdomo wetu. "Ulikuwa wapi siku zote?" ni swali linalofukuza. Baba wa miaka hamsini hakemewi na kijana wa mafunzo mbele ya watu akarudi. Msalimie kwanza, mwite mzee au kaka, muulize kazi yake, panga tarehe za kuchukua dawa kufuatana na kazi hiyo.

Nne, tumieni milango iliyopo. Mama mjamzito akija na mwenzi wake kliniki, mume aulizwe kuhusu kikohozi. Mgonjwa mpya aulizwe anakunywa na nani na analala chumba kimoja na nani. Orodha ya watu wa nyumbani peke yake inawaacha wenzake wa kilabuni, kambini na gheto.

Nchi hii haiwi mwanafunzi kwenye hili. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu ulianza 1977, na kazi aliyoifanya hapa Dokta Karel Styblo, mtaalamu wa TB, pamoja na Watanzania ndiyo iliyochangia kuzaa utaratibu wa tiba ya muda mfupi yenye usimamizi ambao dunia iliuchukua miaka ya 1990. Walioweza kupanga dawa zifike Tanzania nzima wanaweza kupanga mlango ufunguliwe Jumamosi.

Niliacha dawa mwezi wa tatu. Naogopa kurudi, watanigombeza.

Rudi. Ukigombezwa, vumilia au omba mhudumu mwingine. Utapimwa upya kuona kama vimelea vimekuwa sugu, kisha utapangiwa tiba. Usianze kumeza vidonge vilivyobaki kabatini kwa kukisia.

Na ikiwa sugu?

Kwa kanda yetu kila mtu anaijua Kibong'oto, kule Siha. Ilianza mwaka 1926, na leo ni hospitali maalumu ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza, inayotegemewa na nchi nzima kwa TB sugu. Bado kuna wazee wanaotamka jina lake kama mahali pa kwenda kufia. Hiyo ilikuwa enzi nyingine. Zamani tiba ya TB sugu ilikuwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na sindano ndani yake. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza, kwa wagonjwa wengi wanaofaa, mchanganyiko wa vidonge wa miezi 6.

Nimeanza dawa. Watoto wangu je?

Walete wote wapimwe, na kwanza wale walio chini ya miaka mitano, maana kwao ugonjwa huenda mbio na hauonyeshi kikohozi cha wazi. Wasiougua wanaweza kupewa tiba kinga: ipo ya kumeza kila siku kwa miezi kadhaa, na ipo ya mara moja kwa wiki kwa wiki 12, kulingana na umri na hali ya mtu. Njoo nao wewe mwenyewe kama unaweza, usimwachie mama peke yake. Maswali ya lini ulianza kukohoa na unalala na nani chumbani unayajua wewe. Kama huna hakika uanzie kituo gani, piga 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya.